Mwaka wa Kombe

Kheiria binti Nasir alisimamia karakana ya kushona bendera huko Wadi Kabir kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchukua hata kipande cha uzi akaenda nacho nyumbani, ila mara moja. Ilikuwa Alkhamisi moja ya Januari 2009. Oman imeingia fainali ya Kombe la Ghuba, fainali yenyewe inachezwa hapa hapa Maskati, na mji mzima haukuwa na maneno mengine. Mwanawe, Yaarub, alikuja kumchukua kazini mchana, kwa sababu gari lake Kheiria lilikuwa gereji.

"Mama, bendera zimekwisha madukani," Yaarub alisema kabla hata ya kusalimia. "Mimi na Azzan tumeizunguka Ruwi yote. Zilobaki ni zile za kijiti, za watoto."

"Na hapa zote zina wenyewe."

"Hata moja?"

Kheiria alitazama juu ya kabati. Palikuwa na bendera kubwa ya mita tatu iliyorudishwa na hoteli moja kwa sababu ukanda wake wa kijani ulikuwa mwembamba kwa vidole viwili kuliko nyeupe na nyekundu. Evodia, fundi wake kutoka Bukoba, aliikata siku aliyokuja kazini na malaria. Ilikuwa inangoja kuchanwa iwe vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani.

"Chukua ile," Kheiria alisema. "Na usiseme umeipata wapi."

Azzan alikuwa mtoto wa jirani yao Al Amerat, ukuta kwa ukuta. Yeye na Yaarub walikuwa na miaka ishirini na mitatu wote wawili, wameanza skuli siku moja, na Kheiria alikuwa amezoea kupika chakula cha mchana kwa hesabu ya vijana wawili ingawa alizaa mmoja. Mama yake Azzan, Sabah, alikuwa shoga yake wa miaka kumi na saba. Wote wawili walizaliwa Unguja na kuletwa Oman wakiwa wasichana, na walipokaa peke yao barazani Kiarabu kilikuwa kinawatoka kidogo kidogo mpaka wakabaki na Kiswahili kitupu.

Jumamosi Oman ikashinda kwa penalti. Kheiria hakuitazama ile ya mwisho, alikuwa jikoni, lakini alijua kwa kelele za mtaa. Watoto walitoka mbio majumbani, wanawake wakapiga vigelegele juu ya mapaa, na magari yakaanza kuteremka kuelekea Wadi Adai huku yakipiga honi, kwenda kuungana na mji. Alitoka uani akamwona Sabah upande wa pili wa ukuta, anacheka mpaka machozi.

"Wanetu washakwenda?" Sabah aliuliza.

"Zamani! Hata chai hawakunywa."

Simu ililia baada ya adhana ya isha. Jina lililotokea ni la Yaarub, lakini Kheiria alipopokea alisikia pumzi tu, na honi nyingi nyuma yake, halafu mtu mwingine akaichukua simu akasema kwa Kiarabu kwamba yeye ni askari.

Mambo yalikuwa hivi. Yaarub alikuwa anaendesha. Azzan alikaa juu ya dirisha la mlango wa pili, miguu ndani, kiwiliwili nje, ameishika bendera kwa mikono miwili juu ya paa la gari. Barabara ya Qurum ilijaa, magari yanajikokota. Walipofika mahali palipo wazi upepo wa baharini uliingia kwenye kitambaa, kikajaa, na Azzan akaenda nacho kinyumenyume. Kisogo kilipiga kwenye ukingo wa barabara. Gari lilikuwa haliendi hata kwa mwendo wa baiskeli. Yaarub alishuka akapiga kelele, na wa nyuma wakazidi kupiga honi, wakidhani naye anashangilia.

Azzan alizikwa Jumapili asubuhi. Yaarub hakuwepo, alikuwa kituoni.

Kheiria alikwenda matangani. Alikaa kitandani kwake kwa muda, buibui ameshalivaa, halafu akainuka akaenda, kwa sababu kutokwenda kulikuwa hakuwezekani na kwenda pia kulikuwa hakuwezekani, na kati ya hayo mawili kwenda kulikuwa karibu zaidi, hatua ishirini. Wanawake waliokaa kwenye mazulia waligeuka alipoingia. Sabah aliinua uso, akamtazama, akajisogeza kidogo ili pawe na nafasi ubavuni mwake. Kheiria akakaa hapo. Alikaa hapo siku zote tatu. Hakulia. Aliwamiminia watu kahawa, akapokea sinia na kurudisha sinia, na mtu alipomwambia pole alijibu "Zetu sote" kama anayejibu salamu. Usiku akijigusa uso aliona kama anagusa uso wa mtu mwingine.

Siku ya tano Sabah na mumewe, Bwana Hilal, walikwenda mbele ya mwendesha mashitaka wakasema kwamba wamemsamehe kijana, hawataki diya ya damu, hawataki kitu. Baba yake Yaarub, aliyekuwa ameoa tena na kuhamia Ibra zamani, alikuja akambusu Bwana Hilal kichwani mbele ya watu. Yaarub akatoka siku ya tisa. Mwezi wa Machi mahakama ikampa kifungo cha nje cha miezi mitatu na kumnyang'anya leseni kwa mwaka mmoja.

Kheiria alirudi kazini baada ya wiki. Alikuta karakana imegeuka. Baada ya ushindi kila mtu alitaka bendera. Mabaraza ya mji, makampuni, mabenki, wenye maduka, na tamasha la Maskati nalo lilikuwa linaendelea na viwanja vyake vyote vilitaka kupambwa. Mwenye karakana alikodi cherehani sita zaidi na akaleta mafundi wa Kihindi wa muda. Vitambaa vilikuwa vimerundikwa mpaka dirishani, nyeupe, nyekundu, kijani.

Evodia alimfuata mlangoni, akampokea mkoba.

"Mama, pole sana. Mimi kwa kweli sijui hata niseme nini."

"Ahsante, mwanangu. Oda ya bendera za gari imefika wapi?"

Evodia alimtazama. "Tumemaliza elfu moja. Bado elfu mbili."

"Hebu nione pindo."

Akaangalia pindo. Lilikuwa limelegea, akaagiza lirudiwe. Siku hiyo alikata kitambaa mpaka saa kumi na moja, na mkono wake haukukosea. Hilo lilimshangaza kidogo, kwa mbali. Alidhani mkono ungekwenda upande. Lakini mkasi ulikwenda moja kwa moja kwenye chaki, kijani sawa na nyekundu, nyekundu sawa na nyeupe, na yeye alikuwa nyuma ya mkono huo kama mtu aliyekaa chumba cha pili.

Tamasha likaisha. Mwezi wa tatu akaja mgeni wa serikali, rais wa nchi moja ya Ulaya. Ikatakiwa bendera mia nne za nchi hiyo zipangwe kutoka uwanja wa ndege mpaka mjini, na nyengine kumi na mbili za hariri kwa hoteli ya Bustan alikokuwa anafikia. Karatasi ya vipimo ilikuja na onyo kwamba rangi ya buluu isiwe iliyokoza. Wakashona. Mgeni akaja, akakaa siku mbili, akaondoka. Bendera zikarudi na vumbi, zikafuliwa, zikakunjwa, zikaandikwa jina la nchi, zikapandishwa rafu. Wiki iliyofuata akaja mgeni mwingine.

Kila asubuhi Kheiria alimpeleka Yaarub Ruwi, kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo alikokuwa karani, halafu yeye akaenda Wadi Kabir. Jioni alimpitia. Kutoka Al Amerat kuteremka Wadi Adai ni mwendo wa dakika arubaini kwa foleni ya asubuhi, na dakika zote hizo walikaa bila ya kusema. Yaarub alikaa kiti cha nyuma. Siku ya mwanzo Kheiria alimfungulia mlango wa mbele, na Yaarub akausukuma ukajifunga, taratibu, akafungua wa nyuma. Kheiria hakuuliza. Kuanzia siku hiyo alimwona mwanawe kwenye kioo tu, kipande cha paji la uso na jicho moja.

Alikuwa akipika bado kwa hesabu ya watu watatu. Wali ukibaki aliumwaga.

Ilikuwa Aprili, mchana wa Ijumaa, Sabah alipobisha mlango. Alikuwa amekonda na amejifunga ushungi mweusi. Mkononi alishika mfuko wa plastiki uliofungwa kwa karatasi ya polisi.

"Wamenirejeshea vitu vyake," Sabah alisema. "Simu, saa, viatu. Na hii."

Aliuweka mfuko juu ya meza. Kheiria aliona kijani kwenye uwazi wa plastiki.

"Wewe ndiye fundi. Miye sithubutu kuitia kwenye mashine ya kufulia. Nnataka ifuliwe, na hapa penye mtatuko pashonwe. Nnataka kuitundika chumbani kwake."

"Nipe wiki moja," Kheiria alisema.

Sauti yake ilitoka vizuri. Alimtengea Sabah chai ya maziwa, wakainywa, wakazungumza juu ya maji ya tangi ambayo gari lake halikuja siku mbili. Sabah alipoondoka Kheiria aliuchukua mfuko akautia ndani ya gari, akarudi kuosha vikombe.

Siku ya pili yake aliifulia karakanani kwenye beseni kubwa la rangi, kwa maji ya baridi na sabuni ya mche, wakati mafundi wamekwenda kula. Damu haikuwa nyingi. Ilikuwa kwenye ukanda mweupe, mahali pamoja, imekuwa rangi ya chai. Alisugua mara nne. Evodia alirudi mapema na chakula chake mkononi akamkuta ameinama.

"Mama, acha nikusaidie." Akashika upande wa pili ili wakamue. Halafu mikono yake ikasimama. Alikuwa anautazama ukanda wa kijani. "Mama. Hii si ile yangu? Ile ya hoteli?"

"Ndiyo yenyewe."

"Ndiyo aliyokuwa ameshika yule kijana?"

"Ndiyo."

Evodia aliachia kitambaa kikaanguka ndani ya beseni, akakaa chini kwenye sakafu na kujifunika uso kwa khanga aliyojifunga kiunoni. "Yesu wangu. Ningeikata vizuri ingekwenda hotelini. Ingekuwa juu ya mlingoti huko Bustan mpaka leo."

"Evodia, usianze."

"Lakini si kweli?"

"Mimi ndiye niliyeitoa juu ya kabati," Kheiria alisema. "Wewe ulikuwa mgonjwa. Inuka, shika huku, tukamue."

Waliikamua. Evodia alikuwa analia mpaka anapiga kwikwi, na Kheiria akamwonea wivu, wivu mdogo, kama mtu anayemwona mwenzake anakunywa maji.

Aliishona mwenyewe mahali palipotatuka, kwa mkono, kwa mshono wa kujificha. Akaipiga pasi. Ijumaa ya pili aliikunja akaenda nayo kwa Sabah, na alipofika akakaa nayo mapajani bila ya kuitoa.

"Sabah, n'na neno."

"Sema."

"Bendera hii nimeitoa mimi. Ilikuwa ya karakanani, ina kasoro. Yaarub aliniomba nikampa. Madukani zilikuwa hazipo. Ningelikataa wangelikwenda bila ya bendera."

Sabah aliitazama bendera mapajani mwa mwenzake. Chumba cha pili Bwana Hilal alikuwa anasoma Kurani kwa sauti ya chini, akifika mahali akirudia.

"Kwa nini unanambia?" Sabah aliuliza.

"Kwa sababu hukuwa unajua."

"Na sasa najua. Unataka nikufanyie nini?"

Kheiria alilainisha pindo la bendera kwa kiganja.

"Nimemsamehe mwanao," Sabah alisema. Hakuwa amekasirika, alisema kama anayeeleza kilichomo ndani ya mtungi. "Wallahi nimemsamehe, na radhi hiyo ilinitoka hapa, unaona? Hapa. Nimeitoa yote. Sasa unakuja unataka na wewe upewe yako. Sikubakiwa na nyengine, Bi Kheiria."

Miaka kumi na saba alikuwa hajawahi kumwita Bi Kheiria. Alinyoosha mikono, akapokea bendera, akaiweka kando yake, na Kheiria akatoka.

Baada ya hapo hawakuonana. Kwenye mtaa wenye nyumba tisa jambo hilo linataka juhudi, na Sabah aliifanya. Alianika nguo alfajiri. Sahani zilizokuwa zikipita juu ya ukuta zikasimama, na sahani mbili za Sabah, za maua ya buluu, zilibaki kabatini kwa Kheiria kwa sababu hakujua azirudishe vipi.

Likaja joto. Julai karakana ilishona mapambo ya Siku ya Nahdha, sikukuu ya Sultani kushika utawala, machache, kwa sababu katikati ya kiangazi wenye uwezo wameshakwenda Salala kwenye baridi. Kheiria alikata, akaagiza, akasaini. Mwenye karakana alimwongezea cheo, akawa msimamizi mkuu, akapewa chumba chenye kiyoyozi na mlango wa kioo. Alishukuru. Alihamisha mkasi wake na picha ya Yaarub akiwa darasa la tatu, ambayo alikuta Azzan yumo ndani yake pia, nusu, bega na sikio. Hakuiondoa wala hakuitazama.

Siku moja ya Agosti, siku chache kabla ya Ramadhani, foleni ilisimama Wadi Adai kwa sababu lori limepinduka mbele. Nje ilikuwa digrii arubaini na sita. Walikaa robo saa bila ya kusogea, na Yaarub akasema kutoka nyuma:

"Mimi ndiye niliyemwambia akae dirishani."

Kheiria alitazama kwenye kioo. Jicho moja.

"Hakutaka. Alisema bendera kubwa, itamsumbua, tuifunge kwenye boneti. Nikamwambia wewe mwoga. Mara mbili. Polisi sikuwaambia. Khalati Sabah hajui."

Lori lilikuwa la matikiti maji. Watu walikuwa wameshuka kwenye magari wanayachukua yaliyo mazima, na dereva, Mbaluchi mzee, amekaa chini kwenye kivuli cha gurudumu anawatazama bila ya kuwakataza.

Kheiria alijua kwamba hapa mama husema kitu. Alikitafuta. Alipitia maneno yote aliyokuwa nayo ya Kiswahili na ya Kiarabu, na yote aliyoyaona yalikuwa ya watu wengine, ya matangani.

"Umekula mchana?" aliuliza.

"Sijala."

"Nyumbani kuna samaki."

"Haya."

Foleni ikasogea. Usiku ule Yaarub alikula samaki wawili, akaosha sahani yake, na akalala mpaka asubuhi bila ya kutembea tembea ukumbini kama alivyokuwa akifanya tangu Januari. Kheiria ndiye aliyekaa macho, si kwa huzuni, bali alisikiliza kimya cha nyumba kama anayesubiri mgeni aliyesema atakuja na hakusema saa ngapi.

Ramadhani ikaja na kupita. Mafua ya nguruwe yakaingia mjini, skuli zikachelewa kufunguliwa, na watu wakaanza kusalimiana kwa kuweka mkono kifuani. Mwenye karakana akaona neema, akaagiza washone vitambaa vya kuziba pua na mdomo. Wiki tatu walishona vitambaa vyeupe vya mraba vyenye mikunjo mitatu na mipira miwili, na Evodia akasema kwamba kwa mara ya kwanza anashona kitu ambacho hakina nchi. Kheiria alicheka. Kicheko kilikuwa kifupi na kikavu, akakifuatiliza na kikohozi, na mafundi wote wakageuka kwa hofu ya mafua.

Oktoba Yaarub alisema anataka kwenda Ibra kwa baba yake. Kuna kazi ya ghala huko, na kutoka nyumbani unaweza kufika kwa miguu.

"Kwa muda gani?" Kheiria aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Kabla hujakwenda, kamwambie Khalati Sabah ulichonambia."

"Atanichukia."

"Pengine. Kamwambie hivyo hivyo."

Alikwenda. Kheiria alikaa barazani upande wake wa ukuta. Hakusikia maneno, alisikia sauti ya Yaarub ikisema kwa muda mrefu, halafu sauti ya Bwana Hilal, siyo ya Sabah. Yaarub alirudi baada ya saa moja. Macho yalikuwa mekundu.

"Kasema nini?"

"Yeye hakusema kitu. Ami Hilal kanambia, Azzan hakuwa mtoto mdogo wa kulazimishwa. Kasema nisimfanye mwanawe mjinga." Alivua viatu. "Halafu Khalati kaniletea halua. Kaiweka mbele yangu, kaingia ndani."

"Ukaila?"

"Nikaila."

Baba yake alikuja kumchukua Jumatano. Yaarub alipanda kiti cha mbele bila ya kufikiri, halafu akagundua, akabaki na mkono kwenye mshipi. Kheiria aliona. Baba yake alitia gari moto wakaondoka.

Novemba ilikuwa kama Novemba zote, mbaya zaidi. Sikukuu ya Taifa tarehe kumi na nane, na Idi Kubwa siku tisa baadaye. Karakana ilifanya kazi hata siku za Ijumaa. Kheiria alitoka nyumbani nyota ziko juu na kurudi nyota ziko juu, na katikati yake ni kijani, nyekundu, nyeupe. Tarehe kumi na saba alipita barabara kuu kutoka Seeb kwenda kukagua kazi, na pande zote mbili, kwa kilomita arubaini, zilikuwa bendera zilizopita mikononi mwake. Upepo ulikuwa unazichezea. Alisubiri aone kama kitu kitamshika, akapunguza mwendo kabisa. Hakikumshika kitu. Gari la nyuma likampigia honi, akaendelea.

Bwana Hilal alikuwa amekwenda Makka kumhijia Azzan. Siku mbili kabla ya Idi, saa moja ya asubuhi, mlango wa Kheiria ukabishwa. Alikuwa Sabah, na buibui, na vikapu viwili.

"Hilal hayupo," alisema, bila ya salamu. "Na mke wa mwanangu mkubwa gari lake bovu. Nnataka kwenda Mawaleh, sokoni. Vitunguu vya dukani hapa vimeoza vyote. Kama unakwenda kazini sema."

"Siendi kazini," Kheiria alisema, ingawa alikuwa ameshavaa.

Sabah alikaa kiti cha mbele. Walikwenda mwendo wote wa Wadi Adai bila ya neno, wakapita Ghubra, wakapita uwanja wa ndege. Soko la Mawaleh lilikuwa limejaa watu wa Idi, magari yameegeshwa mpaka juu ya mchanga. Waliingia kati ya magunia. Sabah alikuwa mnunuzi mgumu tangu zamani, Kheiria alikuwa amesahau. Alichukua kitunguu akakibonyeza, akakinusa, akakirudisha kwa dharau mbele ya mwenyewe. Alimwuliza muuza ndimu kama ndimu zake amezipaka rangi. Kwenye mbatata aligombana na mtu kwa Kiarabu, akaingiza Kihindi, na kilipomwishia akageuka:

"Kheiria, mwambie huyu mwizi! Mizani yake anaibonyeza kwa kidole, miye nimemwona!"

Kheiria akamwambia. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyopanda. Alimwambia yule mtu kwamba yeye amepima vitambaa kwa miaka kumi na tisa na anajua kidole kinavyoiba, na kwamba kama hapimi upya atamwita mkubwa wa soko sasa hivi, na watu wakasimama kutazama. Moyo ulikuwa unamdunda. Uso ulikuwa wa moto. Mwenye mbatata akapima upya, akaongeza mbili kubwa, akaomba radhi kwa wote wawili.

"Ahaa," Sabah alisema walipokwenda zao. "Nilidhani ushakuwa bubu."

"Na mimi nilidhani hivyo."

Walinunua na bizari, na majani ya kitunguu, na nanasi moja la kula Kheiria, kwa sababu Sabah alisema amekonda kama fimbo. Kwenye gari Sabah alifungua mfuko wa tende akampa mbili, akala mbili. Alisema nyama ya Idi wataichimbia shuwa, shimo la kuokea, kwa pamoja na watu wa mtaa kama kila mwaka, na kama Kheiria ana mbuzi au hana alete kikapu chake kitiwe shimoni. Alisema Hilal amepiga simu kutoka Makka, kikohozi kinamsumbua. Aliuliza kama Yaarub atakuja Idi.

"Sijui. Kasema atajaribu."

"Mwambie aje." Akatoa kokwa mdomoni: "Miye simwahidi kwamba ntamtazama usoni. Lakini aje."

"Ntamwambia."

Karibu na mteremko wa Wadi Adai Kheiria alisema neno juu ya foleni, hakujibiwa, akageuka. Sabah alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo uko wazi kidogo, kokwa ya tende bado imo mkononi. Kheiria alipunguza sauti ya redio. Alipanda mlima kwa gia ya chini, akayaacha magari yote yampite, na alipofika mbele ya nyumba zao hakuzima injini, ili kiyoyozi kisikatike. Jua lilikuwa linapanda juu ya ukuta. Simu ya karakanani ilitetemeka mkobani, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Alikunja mikono yake mapajani akakaa, na Sabah akaendelea kulala.